Povu la Saa Kumi na Mbili

Hapa kwetu ni saa kumi na mbili. Usiniulize ya asubuhi au ya jioni, maana hata mimi nimeshachoka kuuliza. Jua limekaa pale ukingoni mwa bwawa kama yai lililogoma kuingia kikaangoni, halipandi, halishuki. Simu yangu, ambayo siiachi hata nikienda chooni, inasema 6:00, inasema 6:00, inasema 6:00, tangu nijue kusoma. Wako wanaosema kunakucha. Wako wanaosema kunakuchwa. Herufi moja tu hiyo, na watu wameshagombana hadi kuvunjiana vikombe. Mama alikuwa akiwasikia wanabishana anasema, "Pikeni chai jamani, chai inafaa zote mbili."

Wenye uhakika ni vyura peke yao. Sisemi wale wa matopeni, hapana, nasema hawa wa mitini, rangi ya majivu, wanaoenea kiganjani, vidole vyao vina vifundo vinavyonata hata kwenye kioo cha simu. Wao walishaamua zamani: ni jioni, mvua iko njiani, na kazi ipo. Dume anapanda tawi lililoinamia bwawa, anajaza koo upepo mpaka linakuwa puto, anaita. Krek. Ananyamaza. Krek-krek. Ananyamaza. Ukikaa ukamsikiliza vizuri utagundua kwamba anabipu. Wallahi anabipu! Anaita mara moja, anakata, na maana yake ni ileile ya bipu zote duniani: mimi nipo, wewe je? Nimewarekodi mpaka simu imejaa, haina nafasi hata ya picha moja.

Na mimi ninayekwambia haya naishi kwa bipu.

Mama yangu, Bi Tausi, yuko ng'ambo, kule ambako muda unatembea. Anafanya kazi kwenye nyumba ya watu, nyumba ya ngazi nyingi na madirisha yasiyofunguka, na simu haruhusiwi kushika. Lakini kila siku, sijui anaiiba wapi dakika hiyo, anabonyeza namba yangu, inalia mara moja, anakata. Basi. Kumpigia siwezi, atapokea mwenye nyumba na mama ndiye atakayeulizwa. Kwa hiyo mlio ule mmoja ndiyo barua, ndiyo picha, ndiyo mama mwenyewe. Umelia, mama yu hai. Hata siku tunazihesabu kwa huo, mimi na majirani, maana jua letu halihesabiki: mtoto wa jirani ana bipu arobaini, mahindi yale yana bipu sabini. Siku anaondoka waliomchukua walimwambia asibebe hata karatasi, ikabidi akariri namba kichwani. Akasimama mlangoni amefumba macho, midomo inacheza kama anasoma dua, akakawia, akakawia, mpaka nikacheka. "Mama, namba moja tu hiyo!" Akasema, "Niache, nisichanganye."

Sasa sikiliza kilichonipata.

Nilikuwa nimelala chali, simu kifuani, ikatetemeka. Ujumbe. Ulisema: *Ndugu mteja, laini yako haijasajiliwa kwa majina matatu. Itafungwa leo saa 12:00.*

Niliruka mpaka kitanda kikalia. Leo saa kumi na mbili! Na hapa ni saa kumi na mbili siku zote! Maana yake ni sasa hivi. Maana yake ni tangu zamani. Maana yake bado. Nilisimama katikati ya chumba nimevaa ndala moja, nikawa sijui kama nimechelewa au nimewahi, na nikawaza mlio wa mama unakuja kutoka kule mbali, unavuka kila kinachovukwa, unafika juu ya simu yangu, halafu chini hakuna kitu. Pakavu. Unaanguka.

Majina matatu. La kwanza ninalo, Kondo. Ni jina la vita, na tena ni la kile kinachotoka nyuma ya mtoto akishazaliwa. Mama alisema alichagua yote mawili. La tatu ni la babu, baba yake mama, hilo linafuata lenyewe kama mkia. La katikati ndilo shimo. Mimi nani. Mimi Kondo. Kondo nani. Kondo wa. Wa nani. Wa.

Nikatoka mbio.

Meza ya usajili iko bwawani. Usishangae, hapa kwetu kila kitu cha serikali kinawekwa mahali penye kelele. Mwavuli mmoja wa rangi ya bluu, meza, mashine ndogo ya kubonyezea kidole, na dada mmoja, Zamoyoni, anayesajili watu huku anakula karanga. Mbele yake foleni. Nikaingia nyuma. Nikaangalia mgongo wa aliye mbele yangu: shati la kijani, doa la pasi begani. Nikaangalia begani kwangu. Shati la kijani, doa la pasi. Nikachungulia wa mbele yake, naye vilevile. Foleni nzima tulikuwa migongo yangu. Mmoja akageuka, nikaona sura imelainika kama sabuni iliyotumika sana, bado ina macho, haina mtu. Akaniuliza, "Na wewe unaandika Feruzi?"

"Feruzi yupi?"

"Kuna Feruzi wangapi?" Akacheka, akageukia mbele.

Na kweli yupo mmoja tu. Mzee Feruzi amekaa juu ya jiwe kubwa kando ya bwawa, kanzu nyeupe, kipaza sauti mkononi. Miaka yote ndiye aliyeimba kwenye harusi zetu, ndiye aliyetangaza misiba, ndiye aliyetuamsha na kutulaza, na sauti yake, jamani, tusimnyime haki, ni asali iliyotiwa moto. Ukiisikia unahisi umeitwa wewe, kwa jina, kwa lile jina ambalo hujawahi kumwambia mtu. Chini ya jiwe amechuchumaa Mzee Kibwana, mbeba spika yake. Tangu ujana wao anaibeba ile spika kichwani, anaitua, anaunganisha nyaya, anakaa pembeni. Hajawahi kusikika akisema neno. Watoto wanadhani ni bubu. Wakubwa hawajawahi kudhani chochote.

Utaratibu ni huu. Unataja jina la baba mbele ya mashine. Halafu unamwita, "Baba!" Aliyetajwa anatakiwa kuitika mwenyewe, kwa mdomo wake, "Naam," mashine isikie. Mashine ikisikia naam, inawaka kijani, unabonyeza kidole, umekuwa mtu.

Wa kwanza akafika mezani. "Feruzi," akasema. Akageuka. "Baba!"

"Naaaam!" Ikapita kwenye spika, ikagonga maji, ikarudi. Kijani.

Wa pili. "Baba!"

"Naaaam, mwanangu!" Kijani.

Wa tatu, wa nne, wa kumi. Mzee hakuwa hata anaangalia nani anaita. Alikuwa anachokonoa meno kwa njiti, akiitwa anasogeza kipaza, naam, anarudi kwenye jino. Na mimi niliyeona hivyo sikukasirika, nakwambia ukweli, nilifurahi. Nikasema kumbe rahisi. Sauti kubwa inaitikia kila mtu, kila mtu anapata jina, simu zinabaki wazi, mama anabipu. Nani ameumia?

Foleni ikawa inasogea polepole, nikatoa simu nirekodi chochote. Juu yangu kulikuwa na tawi. Juu ya tawi, vyura.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize hata kama una haraka, maana mimi mwenyewe nilikuwa na haraka nikasimama.

Dume mmoja alikuwa juu kabisa, koo limejaa, anaita kama amelipwa. Chini yake kidogo, upana wa viganja viwili, dume mwingine. Huyu amekunja miguu, amebana koo, kimya. Nikasema huyu mvivu. Akaja jike, mkubwa kuwashinda wote, anapanda taratibu kutoka majini, tumbo limejaa. Anaifuata sauti. Kila yule wa juu anapoita, jike anasogea. Krek, hatua. Krek, hatua. Na alipofika pale alipo yule wa kimya, huyo akanyanyuka, akampandia mgongoni, akashika. Wa juu akaendelea kuita! Hajui. Anaita mtu ambaye ameshafika, ameshapita, ameshapatikana. Halafu wakaja wengine wawili kutoka pembeni, wakajibana, na jike akaanza kutoa ute na kuupiga kwa miguu ya nyuma, pa, pa, pa, kama mama lishe anayepiga mayai ya chapati, na wote wanapiga naye, na ute ukavimba ukawa povu jeupe, na mayai yakaingia humo ndani yasionekane. Katikati ya kazi jike akachoka, akakauka, akawaacha madume wameduwaa na miguu hewani, akashuka majini kunywa kwa ngozi yake yote, akapanda tena, akaendelea. Povu likaning'inia kwenye tawi kama kilemba.

Nikajiuliza, watoto walio humo, ni wa nani? Wa aliyeita? Bila yeye jike asingekuja upande huu, angekwenda tawi jingine na dunia ingekuwa nyingine. Wa aliyekaa kimya? Wa wale wawili wa pembeni ambao hata hawakualikwa? Povu halisemi. Povu lote ni jeupe. Na labda, nikawaza, kila aliyewahi kukaa juu na kuita watu anaamini hivyohivyo, kwamba wote waliofika wamemfuata yeye na wote waliozaliwa wametoka kwake, na hajawahi kuinamisha macho aone njiani watu wamekutana na nani. Sauti ina nguvu ya kuleta. Ila sauti haina mikono. Nikasema neno hilo kwa sauti, "haina mikono," na wa mbele yangu akageuka akanitazama kama ninaumwa.

Nikamkumbuka mama.

Nilikuwa na miaka saba, au nitakuwa nayo, hapa kwetu ni yaleyale. Alikuwa anasonga ugali. Nikamwambia, "Mama, mwalimu anataka jina la baba."

"Na mimi nataka kuni kavu. Kila mtu anataka kitu."

"Mama, kweli."

"Kamwambie baba yako ni povu." Akacheka peke yake, mpaka akashika kiuno. Halafu akaona sicheki. Akaweka mwiko. "Sikiliza. Kulikuwa na harusi. Kulikuwa na sauti inaimba, mimi nikaifuata ile sauti, msichana wa watu, nimejipaka wanja huu. Nimefika, pamejaa, miguu inauma. Pembeni ya spika kuna mtu kimya, hakuniambia hata habari. Akasogeza kiti."

"Halafu?"

"Nikakaa."

"Sasa baba ni yupi? Aliyeimba au wa kiti?"

"We mtoto, nimekwambia nilikaa." Akachukua mwiko wake. "Nenda kalete kuni."

Kumbe aliniambia. Aliniambia siku ileile, na mimi nimetembea na jibu miaka yote kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Nikashusha macho kutoka tawini. Na hapo nikaona jambo jingine, maana siku ukianza kuona huwezi kuchagua. Bwawa letu limerudi nyuma. Mvua zimekawia, maji yameondoka hatua ishirini, na matawi hayawezi kuyafuata. Mapovu ya zamani, yenye bipu nne, bipu tano, yaliyokauka juu yakawa na gamba kama andazi, yananing'inia juu ya udongo uliopasuka. Povu likifika bipu tano linalainika chini, viluwiluwi wanaanza kudondoka mmoja mmoja, na kama chini hakuna maji ndiyo imetoka hiyo, wanakufa wakipiga mikia. Lakini chini ya kila povu palikuwa na chombo. Beseni. Karai. Ndoo iliyokatwa. Sufuria lisilo na mkono. Kila kimoja kina maji. Na Mzee Kibwana, wakati bosi wake anasema naam, alikuwa amenyanyuka kutoka kwenye spika, amebeba kopo, anatembea chini ya matawi, anaangalia juu, anasogeza beseni kidogo kushoto, anaangalia tena, anaongeza maji. Miguu yake ina tope mpaka magotini. Hakuna aliyemtuma.

"We wa shati la kijani!" Zamoyoni aliita. Wote tukaitika. "Wewe mwenye simu! Zamu yako. Jina la baba?"

Nikafika mezani. "Dada, muda bado upo?"

"Mimi sijui muda, mdogo wangu, mimi najua kidole. Jina la baba?"

Mzee Feruzi alikuwa ameshasogeza kipaza mdomoni, ananisubiri.

"Kibwana," nikasema.

Karanga ikamdondoka. "Kibwana gani?"

"Yule."

Foleni nzima ikacheka kwa mdomo mmoja. Mzee Feruzi alicheka kwenye spika, ikawa kicheko cha nchi. "Mwanangu! Yule ni mbeba spika. Sasa na spika nayo inazaa?" Watu wakapiga makofi. "Sikiliza sauti yako, hiyo ya kupayuka payuka, umeitoa wapi kama si kwangu? Andika Feruzi uende nyumbani."

"Mdogo wangu," Zamoyoni aliinama kwangu, akasema polepole, "yule haitikii. Sijawahi kumsikia. Mashine isiposikia naam inakufuta, na ikikufuta imekufuta, laini hairudi. Andika huyu wa jiwe. Wote wameandika. Kuna ubaya gani?"

Nilikuwa na mama kwenye nyumba ya madirisha yasiyofunguka, kidole chake kiko juu ya namba yangu. Naam moja ya bure ilikuwa palepale juu ya jiwe, inanitazama. Na upande wa pili mzee aliyeinama juu ya karai.

Nikageuka. Nikaita, "Baba!"

Kibwana akasimama. Kopo mkononi. Hakugeuka.

Mashine ikaanza kuwaka njano, njano, njano.

"Baba!" Sauti yangu ikapasuka katikati.

Vyura wakanyamaza. Sijui kwa nini. Wote, mara moja, kama mtu amekata umeme. Mzee Feruzi akasogeza kipaza, akakohoa, nadhani alitaka kunisaidia, Mungu anamjua, na Zamoyoni akamwonyesha kiganja: subiri. Kibwana aligeuka. Nikaona koo lake linajaa. Likajaa, likashuka. Likajaa tena. Mdomo ukafunguka na hakikutoka kitu, ikatoka hewa, kikatoka kikohozi, kitu kama mlango wa ghala ambao haujafunguliwa tangu mwenye ghala afe. Halafu:

"Naam."

Mbaya! Sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kurekodi. Ya kukwaruza, ya matope, ya chura hasa. Sikurekodi. Ni mara ya kwanza maishani nilisahau kwamba nimeshika simu.

Mashine ikawaka kijani. Nikabonyeza kidole. Nikaangalia begani kwangu: shati langu lilikuwa jeupe, mimi sijawahi kuwa na shati la kijani.

"Kondo Kibwana," Zamoyoni alisoma. Kisha akakunja uso. "Ngoja. Mbona laini imefungwa?"

"Haiwezekani. Ujumbe ulisema saa kumi na mbili!"

Akaichukua simu yangu, akausoma ujumbe. Akaweka mkono mdomoni. "Mdogo wangu, hii imeandikwa na mashine. Mashine ikisema kumi na mbili inasema saa sita yetu, jua likiwa utosini. Mashine hiyo si hii ya mezani. Iko kule ambako muda unatembea. Saa sita yao ilishapita."

Saa sita! Sisi hatujawahi kuona jua utosini. Nani angefikiria? Nilisoma namba ya mashine kwa mdomo wa mama yangu.

Nilitoka pale. Nilikuwa na majina matatu na simu iliyokufa. Nilitembea mpaka chini ya matawi, sikuona ninapokwenda, nikasimama mbele ya Mzee Kibwana nikitaka kumwambia kitu, samahani, asante, sijui, na machozi yalikuwa yanatoka tu yenyewe. Hakuniuliza. Alitafuta tafuta, akapata ndoo tupu, akaipindua, akaifuta tope kwa kiganja. Akaisogeza.

Nikakaa.

Juu yetu povu lenye bipu tano likalainika. Tone la kwanza likadondoka karaini, tii, na mkia mdogo mweusi ukaondoka mbio. La pili. La tatu. Tulikuwa tunaangalia hivyo wakati mfuko wa shati lake ulipolia.

Mara moja. Ukakata.

Akatoa kitochi chake, kile cha vitufe, kimefungwa kwa mpira. Akaangalia kioo, akanigeuzia nione. Namba haina jina. Ninaijua hiyo namba hata nikiamshwa usingizini. Nikamwona mama mlangoni, amefumba macho, midomo inacheza, anakawia. Kumbe alikuwa anakariri namba mbili.

"Tangu lini?" nikauliza.

Akanyoosha mkono kuelekea mabeseni yote, na matawi yote, na bwawa lilipokuwa zamani kabla halijarudi nyuma.

Nikafuta uso. Kwa mazoea nikaangalia simu yangu iliyokufa, ile saa peke yake ndiyo iliyobaki kwenye kioo. 6:01. Nikaangalia jua. Lilikuwa limesogea, naapa limesogea, ila sikuweza bado kujua kama linatoka au linaingia.

"Baba," nikasema, "unakunywa chai?"

"Naam." Hii ilitoka upesi zaidi. Kisha, kwa kuwa mlango ulishafunguka, akaongeza, "Sukari usizidishe."